Maskani ya Wimbo Ndani ya Simu

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huligusa kwa kidole kila siku, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaolielekezea fikira: nyimbo tunazozisikiliza katika simu zetu za kisasa zimewekwa mahali gani hasa? Mtu akiulizwa atajibu upesi kwamba ziko katika simu, na jibu lake halina kosa kubwa, ila halitoshi. Maana ziko nyimbo ambazo zimo katika simu kwa yakini na ni milki ya mwenye simu, ziko ambazo zimo humo lakini ufunguo wake umeshikwa na mtu mwingine aliye mbali, na ziko ambazo hazimo kabisa, isipokuwa majina yake na picha zake tu ndizo zinazoonekana juu ya kioo. Tofauti hiyo aghalabu haidhihiriki siku ya raha. Hudhihirika siku simu inapoibwa, inapotumbukia majini, inapopelekwa kwa fundi ikarudi tupu, au siku bando linapokwisha njiani baina ya Chalinze na Segera, kijana akatambua kwamba nyimbo alizodhani anazo hakuwa nazo.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuuliza swali hili. Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti zao katika santuri, kila wimbo uliorudi Unguja ulirudi na kiwiliwili chake: sahani nyeusi ya kuzunguka mara 78 kwa dakika, yenye nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, nzito mkononi, nyepesi kuvunjika, isiyoweza kuwa katika nyumba mbili kwa wakati mmoja. Aliyeinunua aliitia ndani ya bahasha yake akajua iko, na aliyeiazima aliirudisha au akagombana na mwenziwe. Ikaja kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na kwa kaseti nyimbo ndefu za taarabu, zile zinazoanza kwa ala peke yake na kumchelewesha mwimbaji mpaka masikio yamepata kiu, zikapata nafasi ya kupumua; na fauka ya hayo watu wa kawaida wakapata uwezo wa kurekodi wenyewe arusi zao, maulidi yao na sauti za wazee wao. Mwenye kaseti alijua kwamba wimbo umo katika ukanda ule mwembamba wa rangi ya kahawia, na ukanda ukinaswa na mashine aliuchomoa taratibu na kuurudisha kwa kuzungusha kalamu.

Leo wimbo umekuwa hesabu, na kwa sababu hesabu haionekani, imetulazimu kujifunza makao yake. Sauti ya mwimbaji ni mtikisiko wa hewa. Mashine huupima mtikisiko huo mara nyingi mno katika sekunde moja, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, vipimo hivyo ni 44,100 kwa kila sekunde, kwa sikio la kulia na vilevile kwa sikio la kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Anayependa kuzidisha na azidishe; ataona kwamba dakika moja ya muziki hudai zaidi ya megabaiti 10, na kwamba wimbo mmoja wa taarabu wa robo saa hudai takriban megabaiti 159, mzigo ambao simu za miaka ya mwanzo hazikuwa na nguvu ya kuubeba, wala intaneti ya zama zile haikuwa na upana wa kuupitisha.

Waliotuvusha hapo ni wataalamu wengi, na miongoni mwao wanatajwa sana Karlheinz Brandenburg na wenzake wa Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, nchini Ujerumani, ambao mwezi wa Julai 1995 waliafikiana kwamba mafaili ya namna waliyoitengeneza yaitwe kwa mkato MP3. Hawa hawakulichunguza wimbi la sauti peke yake. Walilichunguza sikio la mwanadamu. Waliona kwamba sauti kubwa inapolia, sauti ndogo iliyo jirani nayo hufunikwa, na sikio halina habari nayo. Basi wakaona hakuna faida ya kuhifadhi kisichosikika, wakakitupa. Kwa kufanya hivyo ule wimbo wa robo saa uliokuwa na megabaiti 159 huweza kushuka hadi megabaiti 14 na ushei, kwa kipimo cha kilobiti 128 kwa sekunde ambacho kimeenea mno katika mitaa yetu, na msikilizaji akaridhika nao.

Walakini kilichotupwa hakirudi, na jambo hili nalisema kwa uchungu wa mtu anayeipenda ala ya kanuni. Nyuzi zake zikidonolewa kwa kasi, kila mdono una ncha kali inayofika masikioni kabla ya sauti yenyewe kuenea, na ncha ile ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuharibika faili linapobanwa kupita kiasi. Husikika kama imetanguliwa na mchakacho mdogo, na sauti za juu za fidla nazo hukatwa. Aliyeupokea wimbo uliobanwa akaubana tena ili aupeleke kwa mwenziwe, naye mwenziwe akaubana mara ya tatu, ameanzisha mlolongo ambao mwisho wake ni wimbo uliobaki maneno na mdundo tu, ilhali utamu wa wapigaji umepotea njiani. Nimezisikia nyimbo za vikundi vikongwe vya Unguja katika hali hiyo, zikisifiwa na vijana ambao hawajapata kuzisikia zilivyo.

Haya, hesabu hiyo hukaa juu ya nini? Ndani ya simu kuna kipande cha silikoni kisichozidi ukucha kwa ukubwa, kilichojengwa kwa ilimu ambayo mhandisi wa Kijapani Fujio Masuoka, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Toshiba, aliitangaza mwaka 1984, na ambayo aina yake inayotumika zaidi leo yeye na wenzake waliitangaza mwaka 1987. Kipande hicho kina mabilioni ya chembe, na katika kila chembe elektroni husukumwa kwa nguvu ya umeme zikapenya utando mwembamba usiopitisha umeme, kisha zikabaki zimefungiwa upande wa pili. Zikiwapo kwa wingi ni tarakimu moja, zikiwa chache ni tarakimu nyingine. Kwa kuwa zimefungiwa, hazina haja ya betri ili zibaki, na ndiyo sababu simu iliyozima wiki nzima ikiwashwa huzikuta nyimbo zake zote mahali pake. Tusiichanganye hifadhi hii na ile nyingine ambayo wauza simu huitaja kwa pamoja nayo, wakisema simu hii ni ya gigabaiti 64 na RAM ya 4. Hiyo ya pili huishi kwa umeme tu, vipande vya wimbo hupita humo wakati wa kupigwa, na simu ikizimwa hakibaki kitu.

Kufungiwa kwa elektroni, hata hivyo, si kifungo cha milele. Kwa miaka huvuja kidogo kidogo, na huvuja upesi zaidi mahali penye joto, hasa katika chembe ambazo zimeandikwa na kufutwa mara nyingi. Kwa hiyo anayechukua simu ya zamani au kadi ya kumbukumbu iliyojaa nyimbo, akaifungia kabatini kwa nia ya kuwarithisha wajukuu, na asiiguse tena, ameweka akiba juu ya kitu ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa tuingie ndani tutazame mpangilio. Nitaanza na simu zinazotumia mfumo wa Android, maana ndizo nyingi katika miji na vijiji vyetu. Mwenye simu akiifungua programu ya mafaili, na akagusa hifadhi ya ndani, ataona folda zilizopangwa, baadhi kwa majina ya Kiingereza: iko Music, iko Download, iko DCIM ya picha, na iko moja iitwayo Android ambayo tutairudia punde. Wimbo uliopakuliwa kwa kivinjari cha intaneti aghalabu huangukia katika Download. Ulioletwa kutoka kompyuta kwa waya hukaa pale ulipowekwa na mletaji. Ulioletwa na rafiki kwa Bluetooth huweza kujitengea folda yake. Katika sehemu hii ya wazi, faili ni lako: utalipa jina jingine, utalihamisha, utamgawia nduguyo, na ukiiondoa programu uliyoitumia kulisikiliza, faili halitikisiki.

Lakini watu wengi hawaifungui kamwe programu hiyo ya mafaili. Wao huingia moja kwa moja katika programu ya kupigia muziki, wakaona orodha ya nyimbo kwa majina ya waimbaji, wakadhani nyimbo zimo humo. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Orodha ile na wimbo wenyewe ni mfano wa daftari la karani na bohari analolisimamia: daftari linasema magunia mangapi yamo na yako safu gani, lakini hakuna anayepika daftari. Simu huzunguka katika folda zake, ikakusanya habari za kila faili la sauti, ikaziandika mahali pamoja, na programu ya muziki husoma maandishi hayo tu. Ndiyo maana huweza kutokea ukaona jina la wimbo, ukaligusa, ukaambiwa faili halipatikani, kwa sababu limeondolewa na daftari halijapitiwa upya. Na huweza kutokea kinyume chake, wimbo umo kabisa katika folda na orodha haiutaji, pengine kwa sababu ndani ya folda ile kuna faili dogo tupu liitwalo .nomedia, ambalo kazi yake ni kuiambia simu ipite bila kuangalia.

Hata majina tunayoyaona katika orodha hayatoki, mara nyingi, katika jina la faili. Tangu mwaka 1996 ilizuka desturi ya kuandika habari za wimbo ndani ya faili lenyewe, na katika namna yake ya kwanza habari hizo zilipewa baiti 128 tu mwishoni mwa faili, jina la wimbo likiruhusiwa herufi 30, jina la mwimbaji herufi 30, na mwaka tarakimu nne. Baadaye nafasi ilipanuliwa sana, lakini mafaili mengi ya nyimbo zetu yalitengenezwa na watu waliokuwa na haraka, ambao hawakuandika lolote, au waliandika jina la kibanda chao na namba yao ya simu mahali pa jina la mwimbaji. Na kwa hiyo leo katika simu za maelfu ya watu, magwiji waliotumia umri wao kuitumikia sanaa wamelazwa pamoja chini ya mtu mmoja aitwaye Msanii Asiyejulikana. Jambo hilo linanihuzunisha kuliko mengine yote niliyoyataja, maana hapakuwa na upungufu wa chombo. Nafasi ya kuandika jina ilikuwapo, haikutumiwa.

Na sasa tumtazame anayepokea nyimbo kwa WhatsApp, ambaye pengine ndiye mmoja katika kila wawili kati yenu mnaonisikiliza. Wimbo ukiletwa katika kundi la ukoo au la wapenzi wa taarabu, ukaugusa ukacheza, umeingia katika simu yako, lakini umeingia kwa mlango wa programu ile. Katika simu za miaka ya karibuni njia yake huanza na folda ya Android niliyosema tutairudia, ikaingia media, ikaingia com.whatsapp, kisha WhatsApp, kisha Media, na hapo mwisho utakuta WhatsApp Audio. Ukifika humo hutaona jina la wimbo wala la mwimbaji. Utaona mstari kama AUD-20240215-WA0003, maana yake ni kwamba faili hili la sauti liliingia tarehe 15 Februari 2024, na tarakimu za mwisho ni namba yake ya siku hiyo. Sauti zilizorekodiwa kwa kubonyeza kipaza sauti cha programu hiyo hazimo humo. Zina folda yake, iliyogawanywa kwa wiki za mwaka, na kwa kawaida programu ya muziki haizionyeshi.

Nawaombeni mlitie jambo hili akilini: folda yote hii imeandikwa kwa jina la programu. Programu ikiondolewa katika simu, folda inaweza kuondoka pamoja nayo. Na bado kuna hatari ya pili, ambayo ni ya kila siku: simu inapolalamika kwamba nafasi imekwisha, mwenyewe huingia katika usafi, akaona sauti nyingi zisizo na jina, akafuta zote kwa pamoja, na katika zile zilizofutwa huwamo moja ambayo haipatikani tena mahali popote duniani.

Ziko kisha programu za kusikiliza muziki kwa ada au kwa matangazo, kama Spotify, Boomplay na YouTube Music. Mwanachama akisikiliza bila kupakua, wimbo haukai kwake. Unatiririka kutoka katika mashine kubwa zilizo nchi za mbali, simu ikiweka vipande vya muda ili usikike bila kukatika, na vipande hivyo hufutwa bila yeye kuambiwa. Akipakua kwa ajili ya safari, faili linaingia kweli katika simu, linachukua nafasi, lakini limefungwa kwa siri ya tarakimu, na limewekwa katika sehemu ya faragha ya programu ambayo hata programu ya mafaili haiwezi kuifungua. Spotify humtaka mpakuaji aunganike na intaneti walau mara moja katika kila siku 30, na asipofanya hivyo vipakuliwa vyake hunyamaza. Usajili ukikoma, na vyenyewe vimekoma.

Sisemi haya kwa kuzishutumu programu hizo. Mwimbaji ana haki ya kupata ujira wake, na kwa miaka mingi wanamuziki wetu waliona kazi zao zikinakiliwa mitaani huku wao wakifa maskini. Utaratibu wowote unaowarudishia hata kidogo unastahili kuungwa mkono. Iko pia njia ya kati, kama ile ya Mdundo, iliyoanzia Nairobi, ambayo humruhusu msikilizaji kupakua faili la MP3 lenyewe, tangazo la biashara likiwa limetangulizwa, na faili hilo likakaa katika simu yake kama lake. Ninalolitaka ni kwamba mtu ajue anacholipia. Anayelipa ada ya mwezi amepata ijara ya kusikiliza, na ijara ni jambo halali na lenye manufaa, ila si milki, na asiitegemee kwa wimbo ambao angependa mwanawe aukute.

Kwa wenye simu za iPhone maneno yangu ni machache. Humo nyimbo zimo ndani ya programu ya Muziki na hazionyeshwi katika folda za wazi, na programu ya Mafaili, iliyoingia mwaka 2017, huonyesha kile tu ambacho mtu amekiweka humo au programu nyingine zimekubali kukionyesha. Mwenye wimbo aliotumiwa na mtu, akitaka usipotee, auhifadhi katika Mafaili kwa makusudi. Usipohifadhiwa hubaki ndani ya mazungumzo, na mazungumzo yakifutwa nao hufutika.

Kadi ya kumbukumbu inastahili mazungumzo marefu zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowafikishia muziki watu ambao hawakuwa na bando wala kompyuta. Kipande kile cha milimita 15 kwa 11 kilipelekwa katika kibanda chenye kompyuta kuukuu, mwenye kibanda akaulizwa ana nini kipya na ana nini cha zamani, naye akajaza nyimbo kwa bei ya maafikiano, za dansi folda yake, za taarabu folda yake, kasida folda yake; na kadi ikatolewa katika simu ya mtu mmoja ikaingizwa katika simu ya mwingine, ikatoka ikaenda katika redio ya daladala. Uzuri wake ni huo wa kutoka na kuingia. Simu ikifa, kadi huishi. Na simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani, hifadhi ya ndani husafishwa, lakini kadi kwa kawaida husalimika.

Ila kuna hatari mbili za kuziangalia. Ya kwanza: tangu Android ya 6.0, ya mwaka 2015, baadhi ya simu humwuliza mwenyewe kama anataka kadi itumike kwa kuhamishwa-hamishwa au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Akichagua hii ya pili, kadi hufungwa kwa siri ya simu ile ile, na ikitiwa katika simu nyingine au kompyuta haisomeki. Aliyechagua bila kujua huja kulitambua siku simu yake imekufa. Ya pili ni kadi za udanganyifu, ambazo zimeenea sokoni: kadi imeandikwa gigabaiti 64 juu, na hata simu ikiiuliza itajibu 64, kwa kuwa kijimtambo kilichomo ndani yake kimefundishwa kusema uongo, ilhali nafasi ya kweli ni sehemu ndogo ya hiyo. Nyimbo za mwanzo zitakaa salama. Zinazofuata zitaonekana katika orodha kwa majina na ukubwa wake kamili, na zikipigwa zitakuwa kimya, au za mwanzo zitakuwa zimeandikwa juu yake. Dawa yake ni kuijaza kadi mpya mpaka pomoni kabla ya kuikabidhi kitu cha thamani, kisha kuyanakili mafaili yote kuyarudisha katika kompyuta na kuona kama yanarudi yalivyokwenda.

Jirani yangu mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa na sauti ya marehemu baba yake akipiga udi na kuimba katika arusi ya dada yake mkubwa. Kaseti yenyewe ilikwisha kuliwa na unyevu, lakini kabla haijaharibika kabisa binamu yake alikuwa ameipiga karibu na simu, akairekodi kwa kubonyeza kipaza sauti cha WhatsApp, akamtumia. Aliisikiliza kwa muda mrefu, kila alipotaka akirudi nyuma katika mazungumzo yao mpaka kuifikia. Simu ikaanza kujizima, akaipeleka kwa fundi, na fundi, ambaye kwa mizani ya kazi yake alifanya sawasawa, akaisafisha ikarudi kama mpya. Alipokuja kwangu kuuliza kama kuna ujanja wa kuitoa ile sauti, ilinibidi nimweleze kwamba simu za siku hizi hufunga kila kilichomo kwa siri ya tarakimu, kwamba simu inaposafishwa ufunguo wa siri hiyo huharibiwa, na kwamba hata tungekitoa kile kipande cha silikoni tukakipeleka kwa mabingwa, wangekuta tarakimu zisizo na maana. Binamu naye alikuwa amekwisha kubadili simu. Ilikuwa dakika saba za udi.

Basi yeyote kati yenu aliye na sauti ya namna hiyo, nampa maelekezo ninayompa kila anayeniuliza. Usiiache ndani ya mazungumzo. Iguse, ibonyeze kwa kitambo mpaka ichaguliwe, ishiriki au ihifadhi katika programu ya mafaili, kisha iweke katika folda ya Music au folda mpya uliyoipa jina mwenyewe. Ibadili jina lile la AUD na tarakimu zake, uandike jina la mwimbaji, la ala, la mahali na la mwaka, kwa mfano jina la mzee, kisha udi, kisha Pangani, kisha 1987. Na kama hujui mpiga ngoma alikuwa nani, ulizia kwa shangazi na wajomba wangali wanakumbuka. Nakala ya pili itie katika kompyuta ya mtu unayemwamini au katika flashi, na ya tatu ikiwezekana ipande katika hifadhi ya intaneti kama Google Drive, ili zisiwe zote katika nyumba moja. Mwenye kaseti ambayo bado inalia asiipige karibu na simu. Amtafute mwenye mashine nzuri ya kaseti, aiunganishe na kompyuta kwa waya, airekodi kwanza katika WAV au FLAC, ambazo hazitupi kitu, na hiyo iwe ndiyo asili. MP3 itengenezwe baadaye kutoka katika asili hiyo kwa ajili ya kugawiana, na wagawiwe ndugu wengi kadiri inavyowezekana. Na kabla ya kufuta popote, fungua kila nakala mpya katika chombo chake, si kwa kutazama jina lake katika orodha, bali kwa kuisikiliza mwanzo, katikati, na sekunde za mwisho kabisa.